Udongo Uliochoka

Neno lililonivuta kwenye mada hii ni la Kijerumani: Rübenmüdigkeit. Ukilifungua unapata vitu viwili, viazisukari na uchovu. Katikati ya karne ya 19, wakulima wa nyanda za Magdeburg na Halle walilitumia kueleza shamba lililokuwa likitoa viazisukari vizito, kisha mavuno yakapungua mwaka hadi mwaka, mpaka ikafika mahali majani yananyauka saa za mchana ilhali udongo una unyevu. Juu ya majani hapakuwa na mdudu wala ukungu. Wakasema shamba limechoka kubeba zao lilelile.

Nilipolisoma maktabani sikuhitaji tafsiri. Kwetu Kagera tunasema udongo umechoka. Nimeyasikia maneno hayo tangu sijaanza shule, kwa wazee, kwa mabwana shamba, hata kwa madalali wanaomshawishi mtu auze kibanja kwa bei ya kutupa. Ni maneno ya heshima, hayamtaji mkosaji. Ila yamebeba hukumu ndani yake. Kitu kilichochoka kimetumikishwa kupita kiasi, kwa hiyo aliyekitumikisha ndiye mwenye deni: alipaswa kukilisha, au kukipumzisha. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuuliza nani anadaiwa deni la nani. Ndipo nikaanza kuwafuatilia watu ambao hawakuridhika na neno uchovu, wakafukua mizizi na kuitazama kwa karibu.

Kiazisukari ni zao changa. Franz Karl Achard alianzisha kiwanda cha kukikamua sukari huko Kunern, Silesia, mwanzoni kabisa mwa karne ya 19, na vita vya Napoleon, vilivyoziba njia ya sukari ya miwa kutoka Karibi, vikakipa soko. Ni zao zito la kusafirisha, kwa hiyo kiwanda kinataka lilimwe jirani. Mashamba yaliyozunguka viwanda yakapandwa viazisukari mwaka huu, mwaka ujao, na mwaka unaofuata tena. Udongo uliooshwa kutoka kwenye viazi kiwandani ulirudishwa mashambani, kwani mkulima gani atatupa udongo mzuri? Hapo ndipo ugonjwa ulipopata usafiri wa bure.

Wasomi walikuwa na maelezo tayari. Mwaka 1840 Justus von Liebig alikuwa amechapisha kitabu chake cha kemia ya kilimo, kilichowafundisha wengi kuuona udongo kama ghala: mmea unachukua madini, mavuno yanaondoka nayo, ghala linabaki tupu. Kiazisukari kinahitaji potashi nyingi. Basi kilichopungua ni potashi, shauri limekwisha. Na kwa bahati, palepale Stassfurt, katikati ya eneo la viazisukari, chini ya ardhi kulikuwa na chumvi za potashi. Adolph Frank, mkemia aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari, alianzisha kiwanda cha potashi huko mwaka 1861. Wakulima wakanunua mbolea. Mashamba mengi yalifaidika, na simkejeli Liebig hata kidogo. Lakini yale yaliyoitwa machovu yaliendelea kuwa machovu, sasa yakiwa na mbolea ya gharama juu yake.

Jibu jingine lilikuwa tayari limeshaonekana. Mwaka 1859 Hermann Schacht, mtaalamu wa mimea mjini Bonn, aliangalia mizizi ya viazisukari vilivyodumaa akaona vidoa vyeupe vimening'inia kwenye mizizi myembamba, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini. Vilikuwa minyoo wa kike. Schacht alifariki mwaka 1864, na mwaka 1871 Adolf Schmidt alipompa mnyoo huyo jina la kisayansi alimkumbuka mwenzake: Heterodera schachtii. Sijui kama ni heshima kubwa kupewa mnyoo, lakini ndilo kaburi ambalo wataalamu wa kilimo wanalizuru mpaka leo.

Naomba msomaji avumilie nimweleze mnyoo huyu anavyoishi, kwa sababu historia yote inayofuata imejificha humo. Anapoanguliwa ana urefu usiofika nusu milimita. Anaogelea kwenye utando wa maji unaozunguka chembe za udongo, akiifuata harufu ya mzizi. Akifika anaupasua kwa mwiba ulio mdomoni mwake, anaingia ndani mpaka karibu na mishipa inayopitisha maji na chakula, na hapo anachoma seli na kuzitemea mate. Mate hayo yanazibadilisha seli. Kuta kati yao zinayeyuka, zinaungana, zinakuwa jiko kubwa moja linalopika kwa ajili yake. Kama ni jike, hatoki tena. Anavimba kama ndimu mpaka anaipasua ngozi ya mzizi na kubaki amening'inia nje, kichwa kikiwa ndani. Akifa, ngozi yake inakauka na kuwa kibweta kigumu cha kahawia chenye mayai mamia. Kibweta hicho kinaweza kukaa ardhini miaka mingi. Mvua inapita, baridi inapita. Siku mzizi unaofaa utakapopita karibu na kudondosha kemikali zake, mayai yanaamka.

Sasa utazame mmea wenyewe. Maji yapo udongoni lakini hayapandi. Mbolea ipo lakini haifiki. Kiazi kinahangaika, kinaotesha mizizi mingi myembamba kama ndevu, na kila mzizi mpya ni mlango mwingine. Ukiwa umesimama juu ya ardhi unaona njaa na kiu, nazo ni njaa na kiu za kweli. Ndiyo maana maelezo ya ghala tupu yalidumu: dalili zote zilikuwa za njaa. Kisha majani yakishindwa kutanda na kufunika ardhi, mwanga unafika chini na magugu yanachukua nafasi. Mpita njia anamwona mkulima mvivu asiyepalilia.

Aliyeibeba hoja ya Schacht mpaka mashambani alikuwa Julius Kühn, mtu aliyewahi kuwa msimamizi wa mashamba kabla ya kuwa profesa, akaanzisha taasisi ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Halle miaka ya 1860. Mwaka 1871 alijaribu kuwaua minyoo kwa kumimina kaboni disulfidi ardhini, kemikali inayonuka na kushika moto upesi. Gharama ilikuwa kubwa mno kwa shamba zima. Jaribio lake la pili ndilo ninalolipenda. Alipanda mimea ya jamii ya kabichi, ambayo minyoo hao wanaipenda vilevile, akaacha watoto wa minyoo waingie kwenye mizizi na kujifunga humo wasiweze kutoka. Kabla hawajakomaa na kutaga, akang'oa kila kitu. Aliiita mimea ya mtego. Ni kazi ya kuhesabu siku kama anayesubiri uchungu wa uzazi: ukiwahi, minyoo wengi bado wako udongoni, ukichelewa, umewafugia. Mwaka 1889 Halle ilipata kituo maalumu cha kupambana na minyoo hao. Kilichoshinda mwishowe kilikuwa cha kawaida zaidi, kuyazungusha mazao ili kiazisukari kisirudi shambani mpaka miaka kadhaa ipite. Viwanda havikupenda kusikia hilo.

Kwa hiyo Kühn aliuliza namna ya kumwokoa mmea mmoja. Karibu miaka 100 baada ya kituo chake kufunguliwa, kwenye pwani ya Uholanzi, watafiti waliuliza swali lenye upana zaidi: mmea mmoja ukidhoofishwa chini ya ardhi, nani anachukua nafasi yake juu?

Uholanzi inalindwa na bahari kwa vilima vya mchanga, na vilima vinashikiliwa na nyasi iitwayo helm, Ammophila arenaria kwa jina la kitaalamu. Watu wameipanda huko kwa karne nyingi ili mchanga usihame. Helm ina tabia ya ajabu. Pale upepo unapoifukia kwa mchanga mpya kila mwaka inashamiri. Mchanga ukitulia, yaani ikishamaliza kazi iliyopandiwa, inaanza kudhoofika, na nyasi nyingine zinaingia. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba imezeeka, au virutubisho vimekwisha. Unaona tunavyorudi kwenye uchovu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wim van der Putten na wenzake walichukua mchanga uliokuwa na mizizi ya helm, wakaua kila kilicho hai ndani yake kwa mionzi, wakapanda helm humo. Ikastawi. Kwenye mchanga uleule usioguswa ilidumaa. Rutuba haikuwa kiini cha tatizo. Kilikuwa viumbe, minyoo wanaokula mizizi pamoja na kuvu. Minyoo peke yao hawakutosha kueleza kila kitu, na nawaheshimu watafiti hao kwa kulisema hilo wazi badala ya kutafuta mhalifu mmoja. Kufukiwa na mchanga ndiko kulikokuwa kukiiponya helm, kwa sababu mizizi mipya inakimbilia mchanga safi kabla maadui hawajaifikia.

Mwaka 1993 walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo kwangu ni historia kamili ya ukoo. Mimea inayofuatana kwenye vilima hivyo haivumilii sawa. Mmea unaokuja baadaye unaweza kuishi kwenye udongo wa uliomtangulia, lakini uliotangulia hauwezi kurudi kwenye udongo wa uliofuata. Na mwaka 1997 wakaonyesha hoja ya ushindani yenyewe: helm ikioteshwa pamoja na nyasi ya Festuca, viumbe wa udongoni wanaipunguzia helm nguvu za kushindana na mwenzake. Ukitazama kwa juu utasema Festuca ni hodari. Uhodari huo una mkono wa viumbe wanaokula mizizi ya mpinzani wake usiku na mchana. Miaka michache baadaye, mwaka 2003, utafiti mwingine wa Uholanzi ukapeleka hoja mbele: wanyama wadogo wa udongoni waliongezwa kwenye nyasi zilizopandwa kwa majaribio, wakaitafuna zaidi mimea iliyokuwa imetawala, na mimea mingine iliyokuwa imebanwa ikapata pa kupumulia. Anayekula mizizi ya mkubwa, bila kukusudia, anamgawia mdogo ardhi.

Sasa nirudi nyumbani, na njia ya kurudi inapita Usambara. Mwaka 1898 Albrecht Zimmermann, Mjerumani aliyekuwa akifanya utafiti Java, alimwelezea mnyoo aliyekuwa akiharibu mizizi ya kahawa huko. Leo anaitwa Pratylenchus coffeae. Mwaka 1902 Wajerumani walipofungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo na baiolojia Amani, Zimmermann aliletwa huko, na mwaka 1911 akawa mkurugenzi. Wanafunzi wa historia wa Tanzania tunaitaja Amani kwa kwinini, bustani na ukoloni. Hatusemi kwamba miongoni mwa watu wa mwanzo waliopanda kilima kile alikuwemo mtu aliyejua tayari kwamba mmea unaweza kunyauka kwenye udongo mzuri. Walowezi waliomzunguka walikuwa wameungua na somo la kinyume: kahawa yao ya Usambara Mashariki iliwavunja moyo kwa kuwa walidhani msitu mnene ni ushahidi wa udongo wenye rutuba, na haukuwa.

Migomba nayo ilikuwa na faili lake. Mwaka 1893 Nathan Cobb, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Australia, alimwelezea mnyoo aliyemkuta kwenye mizizi ya ndizi kutoka Fiji. Sasa anajulikana kama Radopholus similis, na ameenea katika nchi nyingi za joto. Hana mabawa wala miguu. Amesafiri ndani ya machipukizi, mikononi mwa watu. Kagera anapatikana zaidi sehemu za chini zenye joto. Kwenye miinuko yenye ubaridi anatawala ndugu wa mnyoo wa Zimmermann, Pratylenchus goodeyi. Wote wawili wanatoboa mizizi na kuacha vidonda. Mgomba unabeba mkungu mzito, mizizi imeoza, upepo unakuja na mvua, na asubuhi unaukuta umelala chali, tunguu limeng'oka. Fukusi wa migomba wanamalizia kilichobaki.

Ninachotaka kusema hapa kinagusa ugomvi wa familia, kwa hiyo nitakisema kifupi. Babu yangu aliamini mpaka anafariki kwamba kibanja chetu kilichoka kwa kukosa ng'ombe. Alikuwa na historia upande wake. Kibanja cha Mhaya hakikuumbwa na udongo wa pale tu. Kilijengwa kwa samadi na majani yaliyoletwa kutoka rweya, miaka na miaka, kikapu kwa kikapu. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe, na kaya nyingi hazikuwahi tena kuwa na zizi la kutosha. Baba mdogo alimlaumu babu kwa kugawa ardhi mara nyingi mno. Shangazi aliwalaumu vijana waliokwenda Mwanza na Dar es Salaam wakaacha kibanja bila matandazo. Kila mmoja alikuwa na mkosaji, na kila mkosaji alikuwa mtu tuliyekula naye. Wakati huo mihogo ilianzia ukingoni ikawa inasogea ndani, mstari mmoja kila msimu, mpaka ikafika jirani na makaburi. Kwa Mhaya hilo si jambo la lishe tu. Makaburi yanakaa chini ya migomba.

Hata Uganda ya kati, ng'ambo ya mpaka, migomba ya kupika ilirudi nyuma vivyo hivyo katika karne ya 20, na nafasi ikachukuliwa na mihogo, viazi vitamu na ndizi za pombe kama kayinja. Waandishi wa wakati wetu wameeleza mabadiliko hayo kwa soko, nguvukazi na idadi ya watu, na hawakukosea. Ila nikisoma maelezo hayo baada ya kutoka kwenye vilima vya Uholanzi, naona pengo lenye ukubwa wa nusu milimita. Mgomba na mhogo walikuwa wakishindana, na mmoja wao alikuwa akiliwa miguu.

Babu pia hakukosea. Mgomba wenye samadi na matandazo unatoa mizizi mipya haraka kuliko inavyoliwa, kwa hiyo minyoo walewale waliovumilika zizi likiwa limejaa wanageuka kuwa maafa zizi likiwa tupu. Liebig na Schacht wote walikuwa na haki ndani ya kibanja kimoja. Kinachobadilika ni deni. Kama ni njaa tu, wa kulaumiwa ni aliyekula bila kurudisha. Kama na minyoo wamo, basi waliingia na machipukizi, na kwetu machipukizi ni zawadi: jirani anakupa unapohamia, mkwe anakupa unapoanza nyumba. Mtu aliyeleta mche wa Enyoya au Nshakala alileta upendo, na wageni waliojificha ndani yake hakuwaona yeye wala aliyepokea.

Likizo iliyopita nilikaa kibanjani na baba mdogo tukafukua migomba kumi. Ukiupasua mzizi mzima kwa urefu, ndani ni mweupe. Mzizi ulioingiliwa una michirizi ya kahawia iliyokoza wekundu, na ukiubana unalegea kama kamba iliyoloa. Saba kati ya kumi ilikuwa na michirizi. Baba mdogo aliipanga mizizi juu ya jani, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama babu angeweza kuyaona haya. Nikamwambia angeyaona kwa macho yake, ila hapakuwa na mtu aliyemwambia apasue.

"Na bwana shamba?"

"Aliangalia majani, Baba."

Dawa zilizopo si za ajabu. Aina inayoitwa Yangambi Km 5, yenye jina la kituo cha utafiti cha Kongo, inawahimili minyoo. Mahuluti ya FHIA kutoka Honduras yaligawiwa Kagera tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na yanatoa mikungu mikubwa, ingawa jikoni kwetu hayajawahi kuishinda Enyoya, na shangazi huyapika akiwa amekunja uso. Kwa anayetaka kubaki na mche wake wa zamani kuna njia ya maji: unakata mizizi yote ya chipukizi, unamenya tunguu mpaka libaki jeupe, kisha unalitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Joto linaua minyoo walio karibu na ngozi, na moyo wa mche unapona. Lakini mche safi ukiupanda kwenye shimo la mgomba mgonjwa umewapelekea chakula, kwa hiyo lazima utafute mahali ambapo mizizi ya migomba haijakuwepo kwa muda.

Tulizunguka kibanja kizima tukitafuta mahali hapo. Palikuwa pamoja tu, upande wa makaburi, ambako mihogo ilikaa miaka mitatu. Mhogo si chakula cha minyoo hawa. Walikuwa wamekufa njaa chini yake. Mwezi wa tisa mvua zilipoanza tukang'oa mihogo, shangazi akachukua ya kukausha, na baba mdogo akawasha moto chini ya pipa. Mimi nilishika saa.